Madam Aliyesoma Migongo

Huko Mbeere alikotoka Madam, mbuzi hanunuliwi kwa kuulizwa habari zake. Unamtazama usoni, unampapasa mgongo karibu na kiuno, na kama ana nyama vidole vitakuambia. Madam wa maktaba ya shule yetu alivipima vitabu vivyo hivyo. Alikishika kitabu kwa mikono miwili, akaitazama picha ya jalada, kisha akakiambia, "Geuka nione mgongo." Mgongo ndilo jina alilolipa yale maneno machache yanayochapwa nyuma ya kitabu kumshawishi msomaji. Aliyafuata kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti, na akifika mwisho hutamka neno moja kati ya mawili. "Ndani" maana yake kitabu kinaingia kwenye rafu. "Boksi" maana yake boksi.

Boksi lilikaa chini ya meza yake, limefungwa kwa kamba ya katani kama kwamba vilivyomo vingeweza kutoka vyenyewe. Mwisho wa muhula lilibebwa hadi jikoni, vitabu vikachomwa chini ya sufuria la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Wasichana walikuwa wakisema githeri ya wiki ya kufunga shule ina ladha ya malaika, kwa sababu majalada mengi yaliyoangukia boksi yalikuwa na watu wenye mabawa.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mitatu. Niliandika kadi za vitabu, nikabandika mifuko ya kadi kwa gundi ya unga wa ngano, nikafagia. Ni mimi niliyekuwa nikimpa kitabu kimoja baada ya kingine kutoka kwenye katoni za msaada zilizotoka ng'ambo. Vingi vilikuwa hadithi za kubuni za vijana. Farasi wanaoruka, msichana mwenye upanga, mwezi uliozidi ukubwa, mbwa mwitu mwenye macho ya binadamu. Mwanzoni nilidhani anavisoma nyumbani kabla ya kuamua. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba hajawahi kufungua hata kimoja.

"Madam, kwani huwa husomi ndani?" nilimwuliza siku moja wakati wa chai.

"Ndani ni ya wanafunzi," akasema. "Mimi ni askari wa geti. Umeona askari wa geti akikaa mezani na wageni? Anaangalia kikapu, basi."

Usimcheke haraka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, na hofu ya ibada za shetani ilikuwa imeenea shuleni kuliko homa ya mafua. Wahubiri walikuja na kanda za sauti za watu waliodai wameishi chini ya bahari na majini. Wasichana walizimia bwenini wakisema wamemwona paka anayeongea. Mzazi mmoja alimtoa binti yake shule kwa sababu ya pete iliyotengenezwa kwa kizibo cha soda. Na katikati ya wasiwasi huo alikuwa mwanamke huyu mfupi, mwenye sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote hata jua la Februari likiwaka, miwani imening'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu, amekabidhiwa mlango ambao mambo yote ya kigeni yalipitia. Walimu wenyewe walimwachia. Walisema ana jicho.

Alikuwa na roho nzuri, na hili nalisema hata baada ya yote nitakayosimulia. Kitabu cha hesabu kilichoraruka angekaa nacho alasiri nzima akikishona kwa sindano ya gunia. Msichana aliyetaka kulia alionyeshwa rafu ya jiografia, ya mwisho kabisa, ambako hakuna aliyekwenda, na Madam angesimama mbele na kujifanya anahesabu ramani. Droo yake ya chini ilikuwa na pamba na pini kwa yeyote aliyefikiwa na siku zake ghafla, na hakuuliza jina.

Na alikuwa msimuliaji. Jumamosi tukirekebisha vitabu alitupigia hadithi za irimu, zimwi la kwetu, lile linalommeza msichana mzima mzima mpaka mtu alikate hilo zimwi kidole cha mwisho ndipo waliomezwa watoke mmoja mmoja, na ng'ombe wao. Tulisahau gundi ikakauka kwenye brashi. Ndipo siku moja Kinya akamwuliza swali ambalo sisi wengine hatukuthubutu.

Kinya alikuwa Mmeru kutoka Mitunguu, bondeni kwenye mashamba ya ndizi, msichana mrefu mwenye kicheko kilichokuwa kikimtangulia mlangoni. Alikuwa rafiki yangu wa karibu, na Madam naye alimpenda. Aliinua kitabu kilichokuwa kimeangukia boksi, chenye joka kwenye jalada.

"Madam, hii pia iko na zimwi. Mbona yako iko sawa na hii ni boksi?"

"Hilo zimwi letu nalijua," Madam akasema bila kuinua macho. "Najua linakula nini na linalala wapi. Hilo la wazungu sijui hata kama linalala."

Kinya alicheka mpaka akaweka brashi chini. Lakini hakuachia hapo. "Uzuri wa mkakasi, Madam, ndani kipande cha mti. Na ubaya je? Si pengine ndani ni asali?"

"Nyota njema huonekana asubuhi," Madam akamjibu. Hiyo ndiyo methali aliyoipenda kuliko zote. "Kitabu kizuri hakijifichi. Mgongo wake utakuambia."

Wakati huo Kinya alikuwa anaandika kitabu chake. Alikiandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya bluu, katika daftari kubwa la kava ngumu ambalo mama yake alimnunulia kwa ajili ya bayolojia. Kiliitwa Ngoma ya Nyanya. Kilihusu msichana anayeachiwa ngoma na nyanya yake, na kila akiipiga, mtu mmoja aliyechukuliwa na mto anarudi, lakini msichana naye anasogea hatua moja kuingia majini. Hakutaka kukipitisha kwa siri kutoka mkono hadi mkono kama wasichana wengine walivyofanya na barua zao. Alitaka kiwe na kadi na nambari. Alitaka msichana asiyemjua aje maktabani, akiazime, na agongewe muhuri wa tarehe ya kukirudisha. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani mwaka ule, na kuna siku alinionyesha mahali hasa kwenye rafu ambapo kingekaa.

Alinipa daftari nilisome, kisha nimwambie jinsi ya kukipitisha kitabu kwa Madam. Nilimwambia ni kizuri sana. Nikamwambia kinachohitajika ni jalada na mgongo, na migongo mimi naijua, nimeshika mia kadhaa.

Mgongo alioutaka yeye ninaukumbuka neno kwa neno. "Hii ni hadithi ya msichana aliyempenda nyanya yake, na ya ngoma aliyoachiwa."

"Na nani atasoma hiyo?" nilimwambia. "Niachie mimi."

Sasa hapa lazima nieleze neno. Kwa Kiswahili ngoma ni ngoma, unaipiga watu wanacheza. Kwetu Embu na huko Mbeere, neno hilo hilo ni la mizimu, wafu wanaorudi na shida zao, na kanisani lilikwisha kuwa jina la pepo wachafu na mkubwa wao. Kimeru chao Kinya kinasema nkoma, kwa hiyo sikio lake halikushtuka. Kwake ngoma ilikuwa ya shuleni, ya darasa la Kiswahili, ya ngozi na mti. Mimi ni Muembu. Langu lilishtuka. Na nitasema ukweli, niliupenda ule mshtuko. Niliketi na kuandika nyuma ya daftari, kwa mtindo wa vile vitabu vya ng'ambo: "NGOMA IMEAMKA. Inawaita waliozikwa. Ukiisikia ikilia, usigeuke, kwa maana inajua jina lako." Kisha nikamshauri Kinya aichoree ngoma ya jalada macho mawili.

Alisita. "Si itaogopesha?"

"Itavutia," nikamwambia. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilidhani ni kitu kimoja.

Ijumaa saa tisa alasiri nilimpelekea Madam. Kinya alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani mwingine nje.

"Hii imetoka katoni gani?"

"Haikutoka katoni, Madam. Imeandikwa hapa shuleni."

"Hapa kwetu?" Alifuta mikono kwenye sweta kabla ya kukipokea. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa kitabu cha ng'ambo. Aliyaangalia yale macho mawili kwa muda, lakini bado alikuwa na tabasamu. "Haya, geuka nione mgongo."

Kidole chake kilianza kutembea, kikasimama kwenye neno la kwanza kabisa. Kikarudi nyuma. Midomo ilitamka ngoma kwa lafudhi ya nyumbani, nikaisikia. Akamaliza yote mpaka kwenye jina lako, na tabasamu lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Nani ameandika hii ya nyuma?"

Aliniangalia mimi kwanza, kisha Kinya, kisha mimi tena. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nilikuwa na muda wa kumeza mate mara mbili.

"Ni mimi, Madam," Kinya akasema kutoka mlangoni.

Hakutamka boksi. Alisimama na kile kitabu akatoka nacho akielekea jikoni, mwisho wa muhula ukiwa bado wiki tano mbele. Kinya alimkimbilia. Sauti yake ilisikika uwanja mzima. "Madam, soma ndani! Soma tu ukurasa mmoja!"

"Nimesoma mgongo," Madam akasema, bila kusimama.

Kinya alitumwa nyumbani siku ileile, akalete mzazi. Muhula uliisha hajarudi. Tulisikia yuko sokoni Mitunguu akimsaidia mama yake kuuza ndizi, na kwamba atarejea muhula mpya. Muhula mpya ulipofika, kilichokuja ni tangazo la asubuhi gwarideni. Malaria, siku nne.

Mpishi alikuwa mtu wa kwanza kusema kuhusu sufuria. Alidai sufuria lile la jiko la pembeni lilikuwa likigonga tangu siku ya kitabu, tu, tu, tu, hata moto ukiwa umekwisha. Ni chuma kinapopoa, mtu yeyote anajua. Lakini hakuna aliyerudia utani wa ladha ya malaika, na Madam hakula tena chakula cha jikoni. Alikuja na viazi vyake vikavu kwenye mkebe. Jumapili ngoma za kanisani zikianza alionekana akitoka nyuma kwa haraka, kama mama aliyesahau kitu motoni, na alirudi tu misa ikiisha.

Mama yake Kinya alikuja kuchukua sanduku la marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu kama binti yake, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Sanduku liliwekwa mlangoni, kisha badala ya kuondoka akaja maktabani.

"Nimekuja pia kuchukua kitabu yake," alisema. "Aliniambia aliiacha laibrari."

Madam aliinua miwani kutoka shingoni akaivaa.

"Ile ya ngoma," mama akaendelea, akidhani hajaeleweka, na akapiga meza taratibu kwa vidole. "Ile mamangu alikuwa anapiga kanisani. Alikuwa akimpenda sana nyanya yake. Aliandika juu ya hiyo."

Nilimwona Madam akiyapokea maneno hayo moja moja. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini nasimama. Aligeuka akaanza kutafuta kwenye rafu. Alianzia A. Alikitoa kila kitabu, akakigeuza, akakirudisha. Mama alikaa kwenye kiti akingoja kwa subira, mikono imekunjwa mapajani. Na mimi, badala ya kusema neno, nikaanzia upande wa pili, nikatafuta nami. Tulitafuta kitabu kilichokwisha kuwa majivu mpaka kengele ya saa kumi, na mama akasimama akatupa pole, sisi, kwa usumbufu.

"Mkiipata, mniwekee," akasema.

Baada ya siku hiyo Madam hakuhukumu tena. Katoni ziliendelea kuja, nami nilimpa vitabu kama kawaida, naye akavipokea bila kuvigeuza na kusema ndani, ndani, ndani. Kuna vingine ambavyo kwa kweli vilifaa boksi. Wasichana walifurahi, wakasema Madam amelegea. Mimi nilikuwa nikimwangalia mikono, na nikimaliza kazi naondoka kabla hajaniambia kwaheri, kwa sababu niliogopa kubaki naye peke yetu. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa amekwisha kukaa mapajani.

Nilimwona mara moja tu tangu nimalize shule. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu. Gari la ofisi lilikuwa na kazi Siakago, na dereva akasema yule mama wa zamani wa maktaba ya shule fulani anaishi karibu na pale, amestaafu, anafuga mbuzi. Nilisema simjui. Kisha, tulipofika, nilimwomba anishushe.

Alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba na ungo wa ndengu, akichambua mawe. Sweta lilikuwa jingine lakini vifungo vyote vilifungwa. Aliniangalia nikija kutoka barabarani na hakuonyesha mshangao.

"Ni wewe," akasema. "Kaa. Chai iko kwa thamosi."

Tulizungumza habari za mvua, na za wasichana wangapi wameolewa. Alichambua ndengu moja moja, polepole, na nyingine aliigeuza upande wa pili kabla ya kuiachia. Halafu akaacha.

"Wewe ulikuwa rafiki wa huyo msichana wa Mitunguu. Wewe ulisoma ile kitabu."

"Ndiyo, Madam."

"Nimengoja mtu aliyeisoma. Mwandishi amekufa, na kitabu ni mimi nilichoma. Umebaki wewe. Nisimulie ile ya ndani."

Nilianza. Nilimsimulia nyanya alivyokuwa akikaza ngozi ya ngoma kwa jua, mto ulivyofurika, msichana alivyopiga mara ya kwanza na mvulana mmoja akatoka majini akiuliza kama chakula kiko tayari. Madam alicheka hapo, kidogo, mkono mdomoni. Nikamsimulia mara ya pili, maji yalivyomfikia msichana kwenye vifundo vya miguu. Kisha nikachukua kikombe cha chai.

"Halafu?"

Ningeweza kubuni. Mimi ni mwepesi wa kubuni, yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini macho yake yalikuwa yamenikazia.

"Madam, ule mgongo niliuandika mimi. Si Kinya."

"Hiyo najua," akasema. "Kadi ngapi uliniandikia? Mwandiko wako niliujua kuliko wangu."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulimwacha yeye..."

"Si nilikuuliza? Nilikuuliza ukiwa umesimama pale mbele yangu. Nilikuwa na hasira, nikaogopa pia, lakini nilikuuliza." Alisukuma ungo kando. "Yangu nitajibu mwenyewe, na najua nitamjibu nani. Sasa niambie. Huyo msichana wa kwa hadithi alizama, ama alirudi?"

"Sijui, Madam."

"Umesahau?"

"Sikufika huko. Nilisoma kurasa ishirini za mwanzo nikamwambia ni kizuri. Halafu nikaandika mgongo."

Mbuzi mmoja alikuja akanusa ungo na hakufukuzwa. Madam aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona hukumu yoyote usoni mwake, na nilikuwa nikiitamani.

"Alikuachia kitabu siku ngapi?" akaniuliza.

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema, na akaanza kulia.